Sosi ya Ranchi na Mtindi wa Nyumbani

Leo sikuletei chakula kikubwa. Hakuna pilau, hakuna samaki wa kupaka, wala hatutakaa na sufuria motoni saa nzima. Nimekuja na kitu cha kumiminia juu ya majani: sosi ya saladi, ile nyeupe, laini, yenye vipande vidogo vya kijani ndani yake, ambayo Wamarekani wanaiita ranchi. Kule kwao inamwagiwa saladi, inachovyewa karoti, inaliwa na mabawa ya kuku, na wapo wanaoitia hata juu ya piza. Huku kwetu utaikuta kwenye maduka makubwa ya mjini, ndani ya chupa ya plastiki, na kwa kuwa mara nyingi chupa hiyo imevuka bahari, bei yake inamfanya mtu airudishe rafuni.

Basi nakuomba uirudishe kwa moyo mweupe. Karibu kila kinachoingia kwenye sosi hii kinapatikana kwa muuza mboga wako na muuza maziwa wako, na kile kilicho muhimu kuliko vyote, yaani maziwa machachu, sisi tunacho kizuri kuliko walichonacho wengi huko ilikozaliwa. Hilo ndilo ninalotaka kukuonyesha jioni hii, na ili ulione vizuri inabidi kwanza twende Alaska.

Alaska, mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia miaka ya 1950. Kijana mmoja mzaliwa wa Nebraska, jina lake Steve Henson, alikuwa huko akifanya kazi ya ukandarasi wa mabomba. Kazi zenyewe zilikuwa mbali na miji, watu wanakaa kambini, na mara nyingine Henson ndiye aliyewapikia wenzake. Wafanyakazi waliochoka na baridi hawali ili mradi wamekula; wanataka kitu chenye ladha. Humo ndimo alimotengeneza sosi yake ya maziwa machachu, mayonezi, kitunguu, kitunguu saumu na majani ya viungo. Sosi za maziwa machachu zilikuwepo Marekani kabla yake, wala hakuna haja ya kumvika kilemba asichostahili. Lakini mchanganyiko wake ulikuwa na mizani nzuri, na alikuwa nao kichwani alipoiacha Alaska.

Alipata fedha za kutosha huko, akahamia California na mkewe Gayle. Mwaka 1954 walinunua shamba milimani, kwenye njia ya San Marcos Pass, karibu na mji wa Santa Barbara, wakaliita Hidden Valley Ranch. Ilikuwa ranchi ya kupokea wageni: watu wanakuja kupanda farasi, kupumua hewa ya mlimani, na jioni kula nyama ya kuchoma na saladi. Biashara ya wageni haikuwa na faida kubwa. Sosi, hata hivyo, ilikuwa haikai mezani. Hoteli ndogo ya jirani, Cold Spring Tavern, ikaanza kuinunua. Wageni nao wakawa wanaomba kuondoka na mtungi.

Sosi yenye maziwa na mayonezi haisafiri vizuri, na hapo ndipo Henson alipofanya jambo lililobadilisha kila kitu. Alichukua viungo vikavu peke yake, akavifunga kwenye pakiti ndogo, akaviuza kwa njia ya posta kwa senti 75. Mnunuzi akiipokea nyumbani anatia mayonezi yake na maziwa yake machachu, anakoroga, kazi imekwisha. Maagizo yakawa mengi mpaka shughuli ya kufunga pakiti ikaijaza nyumba. Mwaka 1972 jina na biashara yote vikauzwa kwa kampuni ya Clorox, ambayo watu waliijua kwa dawa ya kung'arisha nguo, kwa dola milioni 8.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye jambo. Pakiti ya Henson ilikuwa tayari imeacha kitu kimoja, majani mabichi, kwa sababu majani mabichi hayaendi kwa posta. Kampuni iliponunua, ikaona kwamba maziwa machachu si kitu cha kila friji ya Marekani. Ikabadilisha unga wa pakiti, ikatia humo humo ladha ya uchachu, ili mtu atumie maziwa ya kawaida. Maziwa machachu nayo yakaondoka. Kisha mwaka 1983 ikaja sosi iliyokwisha tengenezwa, ndani ya chupa inayoweza kukaa rafuni bila friji, na mpishi mwenyewe akawa hahitajiki tena. Kwa mauzo, hatua hizo zilikuwa za ushindi. Mwaka 1992 ranchi iliipita sosi ya Kiitaliano na kuwa sosi ya saladi inayouzwa kuliko zote Marekani. Lakini ukiitazama kwa jicho la jikoni, kila hatua iliondoa kitu kilichokuwa roho ya sosi yenyewe: kwanza majani, kisha maziwa, mwisho mkono wa mtu.

Sitaki kuitukana chupa. Inafanya kazi ngumu. Ukichanganya mafuta, maji na vipande vya majani, ukaviacha kabatini miezi kadhaa, kwa kawaida mafuta yatapanda juu, majani yatazama chini, na vijidudu vitafanya sherehe. Ili hayo yasitokee kiwanda kinahitaji tindikali ya kutosha, kinahitaji vihifadhi, na mara nyingi kinahitaji gamu ya zanthani. Hii gamu hutengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari. Aliyeongoza utafiti wake ni mwanakemia Allene Jeanes, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, na mwaka 1969 iliruhusiwa kutumika katika vyakula nchini humo. Kiasi kidogo sana kinatosha kuifanya sosi iwe nzito inapotulia na kuwa nyepesi inapotikiswa, na kuvishika vipande vya majani visizame. Ni ugunduzi wa kuheshimiwa. Ila hauwezi kurudisha harufu. Harufu ya jani bichi ni mafuta mepesi yanayoruka hewani mara tu jani linapokatwa, na hakuna chupa iliyokaa miezi mitatu itakayokupa kile unachokipata dakika ishirini baada ya kisu kupita.

Nyumbani huna shida hizo za kiwanda. Sosi yako haiendi popote. Inatoka bakulini inaingia mezani, na kilichobaki kinalala friji siku mbili. Kwa hiyo unaweza kuvirudisha vyote vilivyoachwa njiani. Tuanze na maziwa.

Zamani katika mashamba ya Marekani, mtu alikusanya malai ya maziwa siku kadhaa, malai yakachachuka kidogo, akayasukasuka mpaka siagi ikajitenga. Maji meupe yaliyobaki, machachu na mepesi, ndiyo maziwa machachu yao, yaliyotumika kwa mikate, keki na sosi. Siku hizi kinachouzwa kwa jina hilo hilo katika maduka yao kwa kawaida hakijaona siagi kabisa: ni maziwa yaliyopunguzwa mafuta, yakatiwa bakteria wa kuchachusha. Sasa jiulize hicho ni kitu gani kwetu. Tanzania tunakiita mtindi, au maziwa mgando. Kenya ni maziwa lala. Rwanda wana ikivuguto. Tofauti ni kwamba mtindi wetu mara nyingi umetokana na maziwa yenye mafuta yake yote, na kwa hiyo ni mzito, na unabaki ulimini.

Kinachotokea ndani ya mtindi ni kizuri kukijua, kwa sababu kitakusaidia jikoni. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa tindikali. Tindikali ikiongezeka kufikia kiwango fulani, protini ya maziwa iitwayo kaseini haiwezi tena kuelea moja moja. Inaanza kushikana, na maziwa yanaganda. Baadhi ya bakteria hao hutoa pia kitu chenye harufu ya siagi, na ndiyo maana mtindi mzuri unanukia siagi hata kama hakuna siagi iliyotiwa. Uchachu, uzito, na harufu ya siagi: mambo matatu ambayo sosi hii inayahitaji, na mtindi unayaleta yote kwa mkupuo mmoja. Kiwanda kinayaleta moja moja, kwa unga.

Tumia mtindi usio na sukari. Hili nalisema kwa mkazo, kwa kuwa paketi nyingi madukani zimetiwa sukari na vanila, na mtu akija akaimwaga hiyo kwenye vitunguu saumu atanichukia mimi bure. Kama unanunua maziwa mabichi kwa mfugaji na kugandisha mwenyewe, yachemshe kwanza, yapoe, kisha utie kijiko cha mtindi wa jana. Maziwa ambayo hayajachemshwa yanaweza kubeba homa ya brusela, ugonjwa unaomtesa mtu muda mrefu kwa homa na maumivu ya viungo, na kugandisha peke yake hakuuondoi. Kwa walio Bonde la Ufa, najua mtauliza kuhusu mursik. Mursik ni maziwa ya heshima, na ladha ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa haina mfano. Lakini yaacheni yanywewe. Moshi ule utayafunika majani yote, na sosi itakuwa kitu kingine.

Tukishapata mtindi, tunahitaji mayonezi. Ya dukani inafaa, na kama jioni hii umechoka, tumia hiyo nusu kikombe, nisiwe sababu ya wewe kulala njaa. Lakini ya nyumbani inatengenezwa kwa dakika kumi, nami napenda kila mpishi aifanye walau mara moja, ili aone kwa macho yake jambo ambalo linaonekana haliwezekani.

Mafuta na maji hayapatani. Ukiyapiga kwa nguvu yatachanganyika kidogo, ukiacha yanatengana. Kiini cha yai kina kitu kiitwacho lesithini, ambacho upande wake mmoja unapenda mafuta na upande mwingine unapenda maji. Kinakaa katikati kama mshenga, kila upande unamwamini, na kwa sababu yake pande mbili ambazo hazikutaka kuonana zinakubali kuishi nyumba moja. Kila tone dogo la mafuta linazungushiwa utando wa kiini, na matone hayo mamilioni yakibanana pamoja ndiyo yanayoufanya mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kusimama kwenye kijiko.

Chukua kiini 1 cha yai lililokaa nje ya friji mpaka ubaridi umelitoka. Kitie kwenye bakuli zito, au weka kitambaa kibichi chini ya bakuli lisizunguke. Ongeza kijiko cha chai 1 cha haradali, chumvi kidogo, na kijiko cha mezani 1 cha maji ya ndimu. Piga mpaka vichanganyike. Sasa chukua mafuta ya alizeti, mililita 200, na uanze kuyatia tone kwa tone huku mkono mwingine unapiga bila kuacha. Tone kwa tone, msikilizaji. Mwanzoni kiini kina kazi kubwa, na ukimwaga mafuta mengi kwa pamoja yanaungana yenyewe kwa yenyewe na hayarudi nyuma. Ukishaona mchanganyiko umeanza kuwa mzito na kung'aa, sasa unaweza kumimina kwa uzi mwembamba. Ukiona umekuwa mzito kupita kiasi kabla mafuta hayajaisha, tia kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu. Watu hufikiri kiini kimeshindwa; mara nyingi kinachokosekana ni maji ya kutosha ya kuyatenga matone.

Na ikikatika? Usitupe. Chukua bakuli jingine safi, weka kiini kingine, kisha ile iliyokatika uitie humo kidogo kidogo ukipiga, polepole tangu mwanzo. Itarudi.

Nimesema mafuta ya alizeti kwa makusudi. Yanapatikana, yanatoka Singida na Dodoma na mahali pengine pengi, na yaliyosafishwa hayana ladha kali. Mafuta ya zeituni mazuri, yale ya kijani yenye ukali, yanaweza kuacha uchungu ukiyapiga kwa mashine, na hata bila uchungu huo yatashindana na majani. Mafuta ya nazi yataganda kwenye friji. Alizeti inakaa kimya na kuwaachia wengine waseme.

Kuna suala la yai bichi, na silipiti kwa haraka. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela. Kama mezani kuna mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu anayeugua, usimpe mayonezi ya kiini kibichi. Fanya hivi: changanya kiini na vijiko vya mezani 2 vya maji na 1 cha ndimu katika sufuria ndogo, weka moto mdogo kabisa, koroga bila kuacha mpaka kianze kuwa kizito na kutoa mapovu ya kwanza pembeni. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 za Selsiasi. Toa mara moja, tia sufuria kwenye maji baridi, kikipoa ndipo uongeze haradali na kuanza na mafuta. Au achana na yai kabisa. Mwaga mtindi vikombe 2 kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, tundika ndani ya friji saa tatu au nne maji yake yachuruzike. Utabaki na kitu kizito na laini. Koroga humo vijiko vya mezani 2 vya mafuta, na una msingi wa sosi ambao haumtishi mtu yeyote. Nitasema ukweli wangu: siku za joto kali naipenda hii kuliko ile ya mayonezi. Ni nyepesi, na uchachu wake uko mbele.

Twende kwenye majani, na hapa ndipo pesa ya jioni hii ilipo.

Majani ya ranchi ni matatu. La kwanza ni paseli, lile la kijani kibichi linalofanana na kotmiri kwa macho lakini lina harufu ya nyasi safi. La pili ni vitunguu majani, vile vyembamba kadiri utakavyovipata, sehemu ya kijani tu. La tatu ni dili, jamaa ya shamari, lenye majani membamba yaliyochanika, na hili ndilo linaloipa sosi sauti yake. Kwa mtindi nusu kikombe na mayonezi nusu kikombe, tia vijiko vya mezani 2 vya paseli iliyokatwa, 2 vya vitunguu majani, na 1 cha dili. Dili bichi si kila soko linalo. Likikosekana, tumia kavu, kijiko cha chai 1, na uiache kwenye mtindi angalau saa moja ilainike. Jani kavu lina nguvu zaidi kwa kijiko kuliko bichi, kwa hiyo theluthi ya kipimo inatosha.

Utaniuliza, na kotmiri je, ile ambayo Nairobi wanaiita dania? Tunayo kila mahali, bei ndogo, kwa nini isiingie? Inaweza kuingia, na utapata sosi nzuri. Lakini kotmiri haikubali kukaa nyuma. Ikiingia inatawala, na unachokula ni ndugu wa chatne, si ranchi. Mimi ningesema: mara ya kwanza tengeneza ya asili, uijue. Mara ya pili weka kotmiri yako na pilipili mbichi moja, ule na mishikaki, na wala hutahitaji ruhusa yangu.

Majani yaoshwe, kisha yakaushwe kabisa kwa kitambaa. Maji yaliyobaki kwenye majani yataifanya sosi kuwa nyepesi na isiyo na ladha. Kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati jani, kinaliponda, na ile harufu tunayoitafuta inabaki kwenye ubao pamoja na maji ya kijani. Usitie majani kwenye blenda. Ranchi ni nyeupe yenye vipande. Ukisaga utapata sosi ya kijani, na hiyo ina jina lake na historia yake.

Kitunguu saumu, punje 1 ndogo. Hapa nina siri moja ya kikemia. Punje nzima haina ule ukali. Ukali unazaliwa unapoiponda, pale kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinapokutana na kitu kingine ndani ya punje hiyo hiyo. Tindikali inakizuia kimeng'enya hicho. Kwa hiyo ukiiponda punje ndani ya maji ya ndimu, kijiko cha chai 1 au 2, itatoa ladha ya saumu bila ule ukali unaokaa mdomoni mpaka asubuhi. Ukiiponda kavu na kuiacha ikae dakika kumi, itakuwa kali kweli kweli. Chagua unachotaka, ila jua umechagua.

Sasa changanya. Mtindi, mayonezi, kitunguu saumu na ndimu yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi, pilipili manga iliyosagwa papo hapo, mwisho majani. Koroga kwa kijiko, taratibu. Sukari usitie. Onja. Itaonekana ina chumvi kidogo na majani hayasemi kitu. Ni sawa. Funika, weka friji nusu saa mpaka saa moja. Harufu ya majani inapenda mafuta; inahitaji muda kutoka kwenye jani na kuingia kwenye mayonezi. Ukionja tena utakuta vimepatana. Hapo ndipo urekebishe chumvi na ndimu, si kabla. Ukitaka ya kuchovyea, punguza mtindi uwe robo kikombe. Ukitaka ya kumiminia majani, acha nusu kikombe, na kama mtindi wako ni mzito sana ongeza maziwa kidogo mpaka sosi itiririke polepole kutoka kwenye kijiko.

Na saladi yenyewe? Sosi hii inataka majani magumu yenye mlio mdomoni, matango, karoti, figili, kabichi changa iliyokatwa nyembamba. Majani laini yatalala chini yake. Kinachoharibu saladi nyingi ni maji: watu wanaosha majani kwa maji safi, jambo zuri, halafu wanayamiminia sosi yakiwa bado yanachuruzika, na sosi inateleza mpaka chini ya bakuli. Yakaushe. Tia sosi kidogo, changanya kwa mikono miwili safi mpaka kila jani limepakwa, ndipo uone kama unahitaji zaidi. Mimina dakika ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kaa, kwa sababu chumvi itaanza kuvuta maji kutoka kwenye mboga mara moja.

Kachumbari usiiguse. Nyanya inatoa maji mengi, nayo tayari ina ndimu na pilipili yake, na imekamilika. Ranchi juu ya kachumbari ni kuziharibu zote mbili kwa pamoja. Lakini jaribu juu ya viazi vya kuchemsha vikiwa bado vya moto, vilivyopasuliwa katikati. Jaribu kuchovya muhogo wa kukaanga. Muhogo ni mkavu na mtamu kwa ndani, sosi ni baridi na chachu, na huo ugomvi wao ni mzuri sana.

Iliyobaki, kama ni ya yai bichi, imalizike ndani ya siku mbili, na wakati wote iwe friji. Kwenye joto letu haipaswi kukaa mezani zaidi ya saa moja. Ukiona siku ya pili inaisha na bado una kikombe kizima, chukua mapaja ya kuku, yachanje, yapake sosi yote, funika, yalale friji usiku. Tindikali ya mtindi italainisha nyama, na mafuta yatabeba saumu mpaka ndani ya michanjo. Kesho yake kung'uta sosi iliyozidi ili isiungue, peleka kuku kwenye mkaa usio na moto mkali sana, na geuza mara kwa mara mpaka maji yanayotoka karibu na mfupa yawe meupe kabisa. Ile sosi iliyolala na kuku mbichi imwagwe. Ya kuchovyea utengeneze nyingine, na safari hii mtindi utakuwa umeshaujua.